Bunduki Inayosomwa kwa Ghibu

Friji ndiyo iliyonifikisha kwenye bunduki. Wakati ule nilikuwa naendesha pikapu ya kukodi hapa Maskati, nahamisha vitu vya watu, na mama mmoja wa Madinat Sultan Qaboos alikuwa amenunua friji mpya. Ile ya zamani, ambayo kwa macho yangu haikuwa na uzee wowote, akataka ipelekwe kwa wazazi wake Al Amerat. Nikaifunga kamba ikiwa wima, nikapanda nayo barabara ya milimani, na kila kona nikiitazama kwenye kioo kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Wakati naisukuma kuingia jikoni kwa wazee nilikuwa naisemesha, kama ninavyokisemesha kila kitu kizito. “Taratibu mama, taratibu, usinivunje kiuno.” Sauti ya mwanamume ikatoka chumba cha wageni.

“Nani huyo anayebembeleza friji kwa Kiswahili?”

“Mimi, ami.”

“Wewe wa wapi?”

Nikajibu kama ninavyojibu siku zote. “Kote kote.”

“Kote kote si mahali. Ingia unywe kahawa.”

Haukuwa uongo lakini. Nilizaliwa Kigoma, nikaletwa Oman mdogo, na shule niliiacha mapema kwa sababu kila mwalimu alipojibu swali langu moja mimi nilikuwa na matano mengine, na yeye ana darasa zima. Tangu hapo nimeoka mikate Seeb, nimepika melini, nimeuza simu Dubai, nimekata vioo Salala, na nimekaa Mombasa karibu mwaka bila kujua nilifuata nini. Kitu ambacho sijawahi kuwa nacho ni ukuta wangu wa kupigilia msumari.

Mzee yule naye alikuwa mtu wa bara. Alizaliwa Tabora, akaja huku kijana, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Alikuwa ameketi juu ya zulia, mguu mmoja ameunyoosha kwa ajili ya goti. Lakini mimi sikumtazama yeye kwa muda mrefu. Ukutani, juu ya vigingi viwili vya mbao, ilikuwa imelala bunduki.

Bunduki nimeziona nyingi nchi hii. Harusini wanaume wanapanga safu wakiwa na bunduki za babu zao zilizofungwa pete za fedha, wanazirusha juu zikizunguka, wanazidaka, na wewe unashika moyo wako. Hii haikuwa na pete hata moja. Ilikuwa bunduki ya jeshi, ya kazi, mbao yake imekolea weusi kama tende iliyokaa, na chuma chake kimepauka pale tu mikono ilipozoea kushika. Jeshi lilipopata silaha mpya, kongwe kama hizi zilitolewa ghalani, zikaingia majumbani kwa vibali.

“Unaijua?” mzee akauliza.

“Siijui, ami. Ndiyo maana naitazama.”

Jibu lile lilimpendeza. Akaniambia niiteremshe. Akaifungua akanionyesha kuwa haina kitu, akaingiza kidole pale penye risasi ili nami niamini, kisha akaitoa bolti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kama komeo la mlango, akaiweka juu ya goti lake zima. “Sasa elekeza dirishani, utie jicho huku nyuma.”

Nikatia jicho.

Mwanga ulikuwa umekaa mwisho wa mtutu kama sarafu nyeupe, na kutoka kwenye sarafu ile mistari ilikuwa inanijia ikijisokota, laini, haigusani, kama maji yanayozunguka kuingia shimoni lakini hayafiki. Nimefanya kazi na vioo, najua maana ya kukata kitu kigumu kwa ustadi. Lakini kioo unakikata mbele ya macho yako. Hapa mtu alikata ndani ya chuma, kwenye tundu ambalo hata kidole chake kidogo hakiingii, akaipinda njia ile kwa kipimo kile kile kutoka mwanzo hadi mwisho, na babu yangu huenda alikuwa bado hajazaliwa.

“Ndiyo inayoizungusha risasi,” akasema mzee. “Bila hiyo inakwenda kama mlevi.”

Akanionyesha namba iliyogongwa kwenye bolti, na namba ile ile iliyogongwa kwenye mwili. Viwili vile vilitengenezewa pamoja na havijaachana. Akanionyesha taji dogo, na alama nyingine ndogo ndogo za wakaguzi, kila mmoja kapiga muhuri wake kisha akaipitisha kwa mwenzake. Mwisho akaigeuza. Kwenye kitako kulikuwa na bamba la shaba lenye kilango kidogo, na kilango kilipofunguka ndani yake mlikuwa na chupa ya mafuta ndogo kama kidole na uzi wa kusafishia mtutu. Nikainusa. Haikunuka mafuta ya mashine.

“Ami, mbona inanuka samli?”

“Aa, hayo maneno ya zamani.”

Jikoni, kulikokuwa na friji yangu, mtu akaguna.

Kabla sijaondoka mzee akasema, “Nnaiuza.” Macho yake yamepungua nguvu, na mtoto wake ni yule binti mmoja aliyenituma friji, ambaye amemwambia wazi kuwa nyumba yake haina pahala pa chuma cheusi. Wanunuzi walikuwa wameshakuja. “Mmoja katoka Qurum, na miwani yake ya jua kichwani. Kaigeuza geuza, kisha kaniuliza kama waya wa umeme unapita mtutuni. Anataka kuifanya taa! Wallahi, nilimpa kahawa ya pili ili ndimi zetu zisifike mbali.”

Mimi nilikuwa na akiba ya kutosha kununua kitu kama kile, na shida haikuwa hapo. Shida ni kwamba kibali cha bunduki kinahamishwa polisi, jina kwa jina. Ukishaandikwa wewe, huwezi kuondoka nayo nchini, huwezi kumwachia rafiki akutunzie, na ukihama nyumba unakwenda kusema. Nilikuwa nalala kwenye chumba cha nyuma ya gereji, na rafiki yangu wa Salala alikuwa ananipigia kila siku mbili tatu nirudi tufungue karakana ya vioo. Kununua bunduki ile maana yake ilikuwa kukaa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekutana na kitu kilichonifanya niulize kama naweza.

Na mzee alikuwa na sharti lake juu ya lile la polisi.

“Hii haitoki na kibali peke yake,” akasema. “Inatoka na silsila yake. Nani kaipokea kwa nani, na kila mtu na pahala pake. Anayeinunua anaisoma kwa ghibu mbele yangu, kisha anatia jina lake mwisho, na pahala pake. Akishindwa, ataiacha hapo hapo ukutani. Bei tutasema baadaye.”

“Nani kaiweka sheria hiyo, ami?”

“Aliyenipa mimi. Na yeye aliwekewa.”

Akafumba macho akaisoma. Majina siyaandiki, wenyewe hawapo niwaombe ruhusa. Yeye aliipokea kwa shemeji yake, wa Qurayyat. Naye aliipokea kwa dereva wa lori, wa njiani. Naye aliipokea kwa mlinzi wa mashamba ya mitende, wa Samail. Naye aliipokea kwa askari, wa Rustaq. Naye aliipokea ghalani. Kila jina na la baba na la babu. Silsila za namna hii nilizisikia utotoni zikisomwa kwa maneno ya dini, masheikh wakishikana mikono kurudi nyuma karne kwa karne. Sikuwahi kujua kuwa mtu anaweza kukifanyia hivyo chuma. Niliketi pale nikiwa na finjani tupu mkononi, nimesahau kuirudisha.

Nikaanza kwenda kila nilipopata mzigo wa upande ule, na mara nyingine bila mzigo. Nilijifunza ile silsila nikiendesha, sauti juu, madirisha yamefungwa. Kwenye taa za barabarani watu walinitazama. Na katika yote niliyojifunza, kipande nilichokipenda kilikuwa cha yule dereva. Wa njiani! Wengine wote wana miji, na yeye kakubaliwa hivyo hivyo. Nikajiambia kuwa mlango wangu ni huo. Nikifika mwisho nitataja jina langu, nitasema wa njiani, na mzee hatakuwa na neno, kwani sheria yake mwenyewe imeshamkubali mmoja.

Siku niliyojiona tayari ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Mzee alikaa wima. Nikavuta pumzi nikaanza, nikaenda bila kukwama, mzee kwa shemeji, shemeji kwa dereva.

“Mmemruka mama yangu!”

Mkewe alikuwa mlangoni, dele la kahawa mkononi. Mpaka siku ile tulikuwa tumesalimiana tu, yeye akileta tende na kuondoka. Ni mtu wa huku huku, wa Qurayyat. Kiswahili alifundishwa na mama mkwe wake baada ya kuolewa, na anakisema kama mtu anayedai haki yake.

“Miaka mingapi sasa unamruka mama yangu, we shaibu?”

“Simruki,” mzee akasema, na sauti yake ilionyesha kuwa si mara ya kwanza. “Mamako hakuimiliki. Aliwekewa amana. Silsila ni ya wenye mali.”

“Wenye mali! Aliyeitupa akaenda zake yumo, aliyeilinda hayumo.” Akanigeukia. “Wewe wa friji, weka finjani chini, nnataka unisikilize. Uliuliza habari ya samli siku ile. Huyu bwana nnaishi naye tangu ujana wangu, hajapata kuuliza.”

Akakaa. Mzee akatazama goti lake.

Yule dereva, akasema, alikuwa akisimama kijijini kwao kuchukua maji na tende. Siku moja dereva alimwambia mamake mke huyu wa mzee: niwekee hii bunduki, narudi wiki ijayo. Mama alikuwa mjane, ana watoto wadogo. Akaipokea, akaitundika. Wiki ijayo haikufika, wala iliyofuata. Kila Ijumaa aliiteremsha, na kwa kuwa mafuta ya mashine hana, aliipaka samli, kidogo kidogo kwa kitambaa, chuma chote, mpaka ndani ya kile kilango cha nyuma.

“Samli yenyewe ya mbuzi wawili,” akasema mke wa mzee. “Sisi tunakula mkate mkavu, bunduki inakula samli. Nililia siku moja. Akaniambia, mkate wako ni wako, unaweza kuula mkavu. Hii ya mtu.”

Mwaka mmoja wadi, lile bonde la mto mkavu, ikashuka na maji, ikachukua mbuzi na ukuta wa nyumba. Mama yake akapanda jabali, mtoto mgongoni na bunduki kichwani, na mtoto yule ndiye huyu aliyekuwa akituhadithia. Wanunuzi walikuja, wengine waungwana na wengine wa kutisha. Aliwaambia wote: si yangu. Kila lori lililosimama alilifuata kuuliza habari za dereva yule, mpaka madereva wakamwona ana wazimu. Miaka ikapita, watoto wakaoa na kuolewa, ndipo akaja mtu wa ukoo wa dereva, akasema jamaa alikwisha kufa zamani, safarini, na warithi wake hawaitaki bunduki, wanamhalalishia.

“Lakini wakamwandika kaka yangu,” akasema. “Kwa kuwa mwanamume. Naye alikuwa kibarua Kuwait, hajaifuta hata vumbi. Huyo ndiye unayemsoma.”

Nikainua macho nikaitazama bunduki. Nilikuwa nimeistaajabia kwa majuma, ile njia iliyosokotwa ndani ya mtutu, namba zisizoachana, mihuri ya wakaguzi. Sasa nilikuwa natazama Ijumaa za yule mwanamke. Nilijaribu kuzihesabu nikashindwa, nikahisi kile ninachohisi nikitazama nyota jangwani, kwamba kuna kitu kikubwa kimekuwepo wakati wote na mimi nilikuwa nashughulika na viatu vyangu.

“Hukuniambia habari ya mkate,” mzee akasema polepole.

“Hukuuliza. Huyu kauliza kwa pua.”

Mzee akacheka, kicheko kifupi, kisha akajifuta jicho na ncha ya kilemba chake. “Isome tena,” akaniambia. “Mtie.”

Mke wa mzee akanipa jina la mama yake, na la baba yake na la babu yake. Nikaisoma upya. Mzee aliipokea kwa shemeji yake, wa Qurayyat. Naye aliipokea kwa mama yake, wa Qurayyat. Naye aliipokea amana kwa dereva wa lori, wa njiani. Pale ulimi wangu ulipunguza mwendo wenyewe. Nikaendelea mpaka ghalani.

“Sasa weka lako,” akasema mzee.

Nikataja jina langu, la baba na la babu.

“Wa wapi?”

Neno lilikuwepo mdomoni, nimelibeba kwa majuma, na halikutoka. Nilikuwa nikimwona yule dereva. Sikumwona kama mtu mbaya. Nilimwona amesimama na mlango wa lori wazi, injini inaunguruma, anasema wiki ijayo na anaiamini kabisa. Namjua mtu yule kuliko wote waliomo kwenye silsila. Najua jinsi barabara inavyokuwa mbele yake, na jinsi nyumba inavyokuwa ndogo kwenye kioo. Mwanamke akabaki na samli yake.

“Ami,” nikasema, “sinunui.”

“Bei hata sijakutajia!”

“Si bei. Nikiichukua, iko siku nitamwachia mtu.”

Mzee akakasirika kidogo, na alikuwa na haki. “Umekuja hapa unanywa kahawa yangu majuma yote haya, unanisomesha kama mtoto wa chuoni, ili uniambie hivyo?”

“Kahawa ni yangu,” mkewe akasema, akinijazia finjani. “Na huyu angalau kasema kabla.”

Waliniacha niirudishe ukutani mwenyewe. Ilikuwa nzito zaidi kuliko siku ya kwanza, au mimi nilikuwa naishika kwa uangalifu zaidi. Nilipoilaza juu ya vigingi nilipitisha kiganja kwenye mbao, na kweli, ukiwa umeshaambiwa, unaipata: ule ulaini si wa mashine.

Nikaenda Salala. Karakana tulifungua. Msimu wa mvua za kule, milima imekwisha kuwa kijani na ukungu umeingia mpaka dukani, simu ikalia asubuhi.

“Uko wapi?” Alikuwa mzee.

“Salala, ami.”

“Nilijua tu. Sikiliza. Kuna mnunuzi, jirani yetu wa nyumba ya pili, mwalimu, mtu mzuri. Nimemsomea mara mbili, na mara mbili nimemruka mama mkwe. Ulimi umezoea, mwanangu, nifanye nini? Mamako hapa kanitazama mpaka nimeona aibu. Isome wewe.”

“Kwenye simu?”

“Nimeiweka sauti kubwa. Twende.”

Nilikuwa nimesimama katikati ya vioo vilivyoegemezwa kila ukuta, na katika kila kimoja nilikuwepo mimi na simu. Nikaisoma. Mwalimu alikuwa ananifuata, jina baada ya jina, sauti nzito ya mtu aliyezoea kufundisha lakini sasa anafundishwa. Tulipofika kwa yule mwanamke nikasikia sauti ya mkewe mzee, karibu sana na simu: “Hapo tena.” Nikarudia. Mwalimu akarudia. Tukaenda kwa dereva, tukaenda Samail, Rustaq, ghalani.

Kisha mwalimu akataja jina lake, la baba na la babu. Mzee akauliza wa wapi, na yule mtu akasema wa Al Amerat, bila kusita, bila hata kufikiri, kama unavyomwambia dereva wa teksi. Nilistaajabu jinsi lilivyokuwa jambo jepesi kwake. Silsila ikafunga, bila mimi ndani yake, iko sawa kabisa.

Wakaanza kuongea wote kwa pamoja, kahawa, polisi, saa ngapi, wakasahau kukata simu. Niliiweka mezani bila kuikata mimi pia, nikawa nawasikiliza huku nikilaza kioo cha kwanza cha siku ile.